Ujumbe Usiofika: Mazungumzo na Wakulima na Wafanyabiashara wa Miteremko ya Meru

Maneno haya yalizungumzwa Tengeru, wilayani Arumeru, mbele ya wakulima, wachuuzi, mawakala wa fedha na wanachama wa vikundi vya kuweka na kukopa. Yamechapishwa hapa karibu kama yalivyosemwa.



Tunawashukuru kwa kutupokea katika siku isiyo ya gulio. Tungekuja Jumamosi tungelazimika kushindana na sauti za wapiga debe, na tunajua nani angeshinda. Tumeombwa tuzungumzie jambo linaloonekana dogo, yaani ujumbe mfupi wa simu unaotumwa na usifike. Wapo watakaosema kwamba siku hizi kila mtu yuko WhatsApp, ujumbe mfupi una kazi gani tena? Jibu tunawaachia ninyi. Taarifa ya fedha iliyoingia kwenye simu, namba ya uthibitisho kutoka benki, ujumbe wa kwenda kwa bibi mwenye kitochi kule Leguruki, taarifa kwa mkulima aliyeishiwa bando: vyote hivyo hupita njia ya ujumbe mfupi. Njia hiyo ikikatika, hasara huwa ya kweli.

Tuanze na kisa kilichotufanya tuje. Msimu uliopita walitujia mjini Arusha watu wawili, mkulima wa nyanya kutoka Ngarenanyuki na dalali wa soko la Kilombero. Hatutawataja majina, walituruhusu tusimulie kwa sharti hilo. Walikuwa wamefanya kazi pamoja kwa miaka, mmoja akilima, mwingine akiuza, na mkataba wao ulikuwa neno la mdomo na ujumbe wa simu. Jumatano moja jioni dalali aliona bei imeanguka, kwa kuwa soko lilikuwa limefurika. Akaandika: usichume mpaka nikuambie. Simu yake ikamwonesha kwamba ujumbe umetumwa, naye akaiweka mfukoni na kwenda kulala. Alhamisi mkulima akachuma. Ijumaa alfajiri akakodi gari, akashusha matenga zaidi ya thelathini mahali ambapo hapakuwa na mnunuzi. Nyanya iliyoiva haisubiri mtu. Nyingine aliziuza kwa bei isiyorudisha hata nauli ya gari, nyingine zikamwagwa.

Dalali akasema: nilikuonya. Mkulima akaapa kwamba hakuonywa. Wakafungua simu, na ujumbe ukaonekana umo, umeingia Ijumaa hiyo hiyo alfajiri, gari lilipokuwa likikaribia Usa River, mwenyewe akiwa amekaa juu ya matenga na kelele za injini zimefunika mlio. Dalali akaona amepata ushahidi, mkulima naye akaona amepata wake. Walipofika kwetu hawakuja kudai fedha. Walitaka ofisi ya umma itamke ni nani kati yao aliye mwongo.

Kabla ya kuwaambia tulichowajibu, hebu tuufuate ujumbe njiani.

Ujumbe mfupi hautoki kwenye simu yako ukaenda moja kwa moja kwenye simu ya mwenzako. Husafiri safari mbili. Safari ya kwanza hutoka simuni mwako, hupitia mnara ulio karibu nawe, hadi kwenye kituo cha ujumbe mfupi cha kampuni yako ya simu. Kituo hicho ni mfano wa karani wa posta: anapokea barua, anaiweka kwenye sanduku, kisha anauliza mwenye barua yuko wapi. Akijibiwa kwamba mwenye barua yuko chini ya mnara fulani, safari ya pili huanza. Akijibiwa kwamba simu imezimwa au haionekani, ujumbe huwekwa akiba na kujaribiwa tena na tena, na simu ile inaporudi mtandaoni karani hupewa habari ili autoe. Lakini akiba hiyo ina mwisho. Kila mtoa huduma hupanga muda wake, na muda ukipita ujumbe hufutwa bila mtu yeyote kupigiwa kengele.

Sasa lizingatieni neno hili ambalo simu zetu hulitumia kwa namna ya kupotosha: imetumwa. Neno hilo linahusu safari ya kwanza tu. Maana yake ni kwamba karani amepokea barua. Halisemi kwamba mwenzako ameipata, wala kwamba ameisoma. Gharama nayo kwa kawaida hukatwa karani anapopokea. Ndiyo maana mtu anayetuma ujumbe uleule mara kumi kwa wasiwasi hukatwa mara kumi, na mwenzake anapowasha simu hupokea maonyo kumi kwa mkupuo mmoja. Ukitaka kujua habari za safari ya pili, ingia kwenye mipangilio ya programu yako ya ujumbe, tafuta sehemu ya taarifa ya kufika kwa ujumbe, uiwashe. Simu nyingi huja ikiwa imezimwa. Dalali wetu angekuwa ameiwasha, Jumatano ile usiku angeona kwamba hakuna taarifa iliyorudi, na pengine angepiga simu kwa jirani.

Na mkulima je? Alituambia kwamba shambani simu yake ilikuwa na mtandao, tena mzuri, kwa kuwa Alhamisi mchana alizungumza na mkewe. Alikuwa mkweli. Simu yake ilikuwa ya laini mbili. Laini ya pili, ambayo mkewe hupiga, ilikuwa na mnara unaoonana na shamba lake. Laini ya kwanza, ambayo dalali anaijua, ilikuwa ya kampuni nyingine, na baina ya shamba na mnara wa kampuni hiyo ulikuwapo mgongo wa mlima. Juu ya kioo palikuwa na alama mbili za mtandao, moja imejaa, nyingine ina mkwaju. Yeye alitazama ile iliyojaa. Gari lilipoteremka kuelekea Usa River laini ya kwanza ikafufuka, na karani akautoa ujumbe uliolala siku moja na nusu.

Hapakuwa na mwongo. Tuliwaambia hivyo, wakatazamana, na tunasikia wanaendelea kufanya biashara pamoja, ingawa sasa mkulima amemwachia dalali namba zote mbili.

Tumekitumia kisa hiki kwa sababu kinahusu ardhi yetu. Mlima Meru unapita mita 4,500 kwenda juu, na mbavu zake zimejaa makorongo na vilima vidogo. Mawimbi ya simu hayapindi kona kwa urahisi. Unaweza kusimama Nkoaranga ukaongea bila kukatika, ukashuka hatua hamsini bondeni kwenye migomba ukawa kana kwamba umehama nchi. Wapo wanaoamini kwamba mawingu ya mlima humeza ujumbe. Tunaheshimu wazee waliotuambia hivyo, lakini mawingu yenyewe hayana hatia kubwa. Mawimbi ya simu zetu huyapita. Mvua kubwa huweza kudhoofisha njia ya mawimbi inayounganisha mnara mmoja na mwingine, na umeme ukikatika kwa muda mrefu betri za mnara huisha. Ndiyo maana siku ya mvua ujumbe husita, wingu likapewa lawama yote.

Jambo jema ni kwamba ujumbe mfupi ni mzigo mwepesi. Hupita katika njia ile ile nyembamba ambayo simu huitumia kusalimiana na mnara, hauhitaji intaneti, na huweza kupenya pale ambapo maongezi yanakatika. Kwa hiyo ukiwa bondeni na simu haipigi, usikate tamaa. Andika ujumbe, panda kilimani kidogo, utume hapo.

Mtu anapotuambia kwamba ujumbe wake hauendi, swali letu la kwanza huwa: umekwama katika safari ipi? Na ipo njia nyepesi ya kujua, ambayo haihitaji fundi. Jitumie ujumbe wewe mwenyewe, kwenye namba yako. Ujumbe huo utakwenda hadi kwa karani na kurudi. Ukirudi, basi simu yako, laini yako na karani wako ni wazima, na tatizo liko upande wa unayemtumia. Usiporudi, tatizo liko kwako. Kisha mtumie mtu wa mtandao kama wako aliye karibu, na mwingine wa mtandao tofauti. Ikiwa wa mtandao wako wanapata na wa mtandao mwingine hawapati, kasoro inaweza kuwa katika makutano ya kampuni hizo mbili, na hapo huna la kufanya kwa vidole vyako isipokuwa kutoa taarifa. Majaribio hayo matatu hayachukui dakika tano, nayo yatakuokoa usimpe mtu simu yako aifungue bure.

Tuseme ujumbe haukurudi. Anza na yaliyo dhahiri, ambayo watu wazima huona haya kuyaangalia. Tazama kama alama ya ndege haijawashwa. Iwashe kwa nusu dakika kisha uizime, simu italazimika kusalimiana upya na mnara. Isiposaidia, zima simu kabisa, uiwashe. Angalia salio, na uangalie kifurushi chako kinahusu nini: vipo vya ujumbe wa mtandao mmoja, vipo vya mitandao yote, na vipo vya intaneti tupu ambavyo mtu huvinunua akidhani amenunua kila kitu. Katika simu ya laini mbili angalia ni laini ipi imeteuliwa kutuma. Tumeona watu wengi wenye vocha katika laini moja na ujumbe ukijaribu kutoka katika laini nyingine iliyo tupu.

Halafu angalia namba yenyewe. Namba ya Tanzania huandikwa kwa sifuri ikifuatiwa na tarakimu tisa, au kwa alama ya kujumlisha, 255 na tarakimu zile tisa, bila ile sifuri. Katika vitabu vya majina tunakuta 255 ikifuatiwa na sifuri, kosa ambalo macho hulipita kila siku bila kuliona.

Yote hayo yakiwa sawa na bado ujumbe unarudishwa, shuku namba ya karani. Ndani ya kila simu imehifadhiwa namba ya kituo cha ujumbe mfupi, na kila kampuni ina yake. Kwa kawaida hutoka kwenye laini yenyewe bila wewe kujua. Lakini simu iliyopigwa programu upya na fundi, au iliyochezewa na mtoto, au laini iliyochakaa, huweza kuipoteza au kubeba namba isiyo sahihi. Dalili yake ni hii: unapiga, unapigiwa, unapokea ujumbe, intaneti inafanya kazi, ila ujumbe wako hautoki hata mmoja. Piga 100, namba ya huduma kwa wateja, umwambie mhudumu akusomee namba ya kituo chao cha ujumbe, uilinganishe na iliyomo katika mipangilio ya programu ya ujumbe. Usiinakili kwa rafiki aliye katika kampuni nyingine. Na usimpe mhudumu, wala mtu yeyote anayejiita mhudumu, namba yako ya siri ya fedha. Marekebisho haya hayahitaji namba hiyo hata kidogo.

Kuhusu programu ya ujumbe: simujanja huruhusu programu zaidi ya moja, lakini moja tu ndiyo yenye kibali cha kutuma na kupokea. Ukiwa umepakua programu nyingine ya mapambo kisha ukaifuta, huenda kibali kimebaki hewani. Rudisha programu ya asili. Ikiwa inafunguka kwa shida au inagoma, futa data zake za muda katika mipangilio ya programu. Hizo si ujumbe wako. Msibonyeze sehemu ya kufuta data zote mkidhani ni kitu kimoja, maana zipo simu ambazo hatua hiyo huondoka na kumbukumbu zenu. Nafasi ya simu ikijaa picha na video za harusi, ujumbe mpya huweza kukosa pa kukaa. Kitochi nacho kina sanduku dogo, likijaa hugoma kupokea. Kama bibi wa Leguruki hapati ujumbe wako, mwombe mjukuu wake afute ile ya zamani.

Hapa tutakaa kidogo, kwa kuwa makatibu wa vikundi wamo humu ndani nao ndio waliouliza swali gumu zaidi tulipokuwa tukiingia. Mbona taarifa ya kikao ikitumwa kwa wanachama arobaini, wengine hupata nusu, wengine hawapati, na kifurushi cha mwezi kinaisha siku hiyo hiyo?

Ujumbe mfupi mmoja una nafasi ya herufi 160. Kipimo hicho kilipangwa Ulaya katika miaka ya 1980, na ujumbe wa kwanza ulitumwa Uingereza tarehe 3 Desemba 1992. Waliokipanga walitengeneza jedwali dogo la herufi, na kwa bahati njema Kiswahili chetu, kisicho na vikolombwezo juu ya herufi, hukaa humo kwa raha. Lakini ukiweka alama moja tu isiyokuwa katika jedwali hilo, ujumbe wote hubadilishiwa maandishi na nafasi hupungua kutoka 160 hadi 70. Emoji moja ya tabasamu hufanya hivyo. Na hata ritifaa huweza kufanya hivyo. Neno ng'ombe, au jina la kata ya King'ori, likiandikwa kwa ritifaa iliyonyooka halina tatizo. Likiandikwa kwa ile iliyopinda kama mkia wa koma, ambayo baadhi ya simu huiweka zenyewe, au inayokuja ukinakili maandishi kutoka mahali pengine, ujumbe wako unavunjika. Ujumbe unaozidi nafasi yake hukatwa vipande, kila kipande husafiri peke yake na kulipiwa peke yake, na simu ya mpokeaji huviunga vikishafika vyote. Kipande kimoja kikichelewa, mwanachama anaona kikao ni Jumapili bila kuona ni Jumapili ipi.

Kwa hiyo katibu aandike taarifa kwa maneno machache, bila maua wala mikono iliyokunjwa. Ajaribu kwanza kwa mwanachama mmoja. Asiwatumie wote arobaini kwa pigo moja: simu nyingi zina kikomo cha ujumbe unaoweza kutoka kwa muda mfupi, na mitambo ya kampuni huweza kumdhania mtapeli anayesambaza taka. Zaidi ya hayo, simujanja nyingi zikiona majina mengi katika ujumbe mmoja huugeuza kuwa ujumbe wa kundi, ambao hupita njia ya picha na kuhitaji intaneti, na wenye vitochi hawaupati kamwe. Katika mipangilio ya programu ipo sehemu ya kuchagua kila mtu atumiwe wake peke yake. Ichagueni hiyo.

Lipo pia jambo la simu kujifanya mjanja kuliko mwenyewe. Baadhi ya programu za ujumbe katika simu za Android, na zile za iPhone, hutuma maandishi kwa intaneti pale zinapoona mpokeaji naye ana huduma hiyo. Mpokeaji akizima data, ujumbe hukaa ukimngoja, ilhali ungepita njia ya kawaida angeupata papo hapo. Ukiona ujumbe umekaa na mwenzako anapatikana kwa kupiga, ubonyeze kwa muda, uchague utumwe kama ujumbe wa kawaida, au zima kabisa huduma hiyo ya gumzo. Na aliyekuwa na iPhone akahamia simu nyingine bila kuiondoa namba yake katika huduma ya Apple, marafiki zake wenye iPhone huendelea kumtumia kule alikohama. Aiondoe.

Kwa wanaopeleka mboga Namanga, tutasema maneno machache. Karibu na mpaka simu yako huweza kushika mnara wa Kenya, ujumbe ukagoma au ukakugharimu zaidi. Mji wetu ni makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, lakini mawimbi hayajui mikataba. Ingia kwenye mipangilio, chagua mtandao wako kwa mkono badala ya kuiachia simu ichague.

Sasa upande wa kupokea, ambako hatari ni kubwa zaidi. Ikiwa namba ya uthibitisho kutoka benki haiji, angalia kwanza kama ujumbe haukutupwa kwenye sehemu ya taka au kama hukumfungia mtumaji bila kujua. Angalia pia ni namba gani benki inayo. Mtu hubadili laini na kusahau kuwaambia. Laini iliyokaa muda mrefu bila kutumika huweza kufungwa na namba yake kugawiwa mwingine, na hapo ujumbe wa fedha zako huenda kwa mgeni.

Lakini mkisahau yote tuliyosema leo, hili msilisahau. Simu yako ikipoteza mtandao ghafla mahali ambapo siku zote una mtandao, wenzako wa kampuni hiyo hiyo wanao, umezima na kuwasha na bado haioneshi kitu, usiseme ni mlima. Yamkini mtu amekwenda mahali akaifanya namba yako ihamie kwenye laini nyingine, na ujumbe wote unaostahili kuja kwako, zikiwamo namba za uthibitisho, sasa unaingia mikononi mwake. Azima simu ya jirani saa ile ile, piga 100, waombe waifungie laini na akaunti ya fedha. Kisha nenda dukani kwao na kitambulisho chako cha Taifa, ambacho tangu usajili wa alama za vidole ulioanza mwaka 2019 ndicho kinachothibitisha kwamba laini ni yako. Ijulishe na benki. Usingoje kesho. Na hata kama hujaona dalili yoyote, piga *106# siku moja utazame ni namba ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Huenda ukakuta usiyoijua.

Matapeli wanaujua vizuri udhaifu huu wa ujumbe unaochelewa, nao huutumia sokoni. Mnunuzi anachukua mzigo, anakuonesha katika simu yake maandishi ya kwamba fedha imetoka, wewe huoni kitu, naye anasema mtandao leo unasumbua, tena anaunyoshea mlima kidole. Mwingine hukutumia ujumbe uliotengenezwa ufanane na wa kampuni, kutoka namba ya kawaida. Usibishane naye wala usimwamini. Salio halikai ndani ya ujumbe. Ujumbe ni habari tu juu yake. Fungua mwenyewe menyu ya fedha, *150*00# kwa M-Pesa, *150*60# kwa Airtel Money, au ile ya mtandao wako, utazame salio. Lisipoongezeka, tenga halipandi gari. Na ule ujumbe wa zamani unaosema ile hela tuma kwenye namba hii, ambao kila mtu humu ameshaupata, usijibu. Utume namba 15040 ili ishughulikiwe.

Tumeulizwa kuhusu simu za bei poa zinazouzwa karibu na stendi. Kabla hujalipa, bonyeza *#06# upate namba tambulishi ya simu hiyo, uitume kwenda 15090 ujibiwe kama ni halisi. Tangu tarehe 16 Juni 2016 simu bandia huzuiwa katika mitandao ya nchi yetu. Si kila tatizo la ujumbe linatoka kwenye laini.

Ukishafanya yote na ujumbe bado haufiki, una haki ya kulalamika, na malalamiko mazuri huandikwa kwenye daftari kabla ya kusemwa. Andika tarehe na saa, namba uliyotuma, mahali uliposimama, jinsi simu ilivyosema, na yale majaribio matatu yalileta nini. Anza kwa mtoa huduma wako, kwa 100 au dukani kwake, na usiondoke bila namba ya kumbukumbu ya lalamiko lako. Hiyo namba ni kama hati ya shamba: asiye nayo husimulia, aliye nayo hudai. Usiporidhika, nenda Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, ambayo ofisi yake ya Kanda ya Kaskazini ipo hapa hapa Arusha, huna haja ya kusafiri Dar es Salaam. Sheria iliyoiunda mwaka 2003 ndiyo pia iliyounda Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano, linalosemea watumiaji kama ninyi. Na asiyekubali uamuzi wa Mamlaka anaweza kukata rufaa katika Baraza la Ushindani.

Kijiji kizima kikikosa mtandao, lalamiko la mtu mmoja mmoja halitoshi. Pelekeni barua moja kupitia ofisi ya kata, mkitaja vitongoji na shule na zahanati zilizoko huko. Mwaka 2023 Serikali, kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ilitiliana saini na kampuni za simu kujenga minara 758 vijijini, na kata hupangwa kwa taarifa zinazofika. Bonde lisiloandikiwa barua ni rahisi kulisahau, hasa likiwa nyuma ya mlima.

Ndugu Mwenyekiti, tumeambiwa chai iko tayari. Tutabaki hapa hadi saa kumi jioni. Wenye simu zisizotuma wakae upande wa dirisha, zisizopokea upande wa mlango, na kila mmoja ajitumie ujumbe kwanza kabla ya kufika mezani. Wenye laini zilizokufa ghafla tangu jana au leo wasipange foleni. Waje sasa hivi.